Kishikwambi ndani ya ndege ndogo: namna ya kukitumia bila kukikabidhi maisha yako

Ukipita asubuhi kwenye maegesho ya ndege pale Wilson, Nairobi, au kwenye kiwanja cha Arusha, utaona marubani wakipanda Cessna Caravan zao wakiwa na kishikwambi mkononi. Ule mkoba mzito wa ramani umepungua au umetoweka kabisa. Ni maendeleo ya kweli. American Airlines walipoachana na mikoba hiyo mwaka 2013, kila mkoba ulioondoka ulikuwa na uzito wa kilo 16 hivi. Leo rubani anapekua ramani kwa kidole, anaiona ndege yake ikitembea juu ya picha, na anakokotoa mafuta bila kugusa kalamu.

Mwongozo huu ni wa rubani wa ndege ndogo, mwanafunzi wa urubani, na yeyote anayeendesha kampuni yenye ndege mbili tatu. Siandiki kukipinga kishikwambi. Ninachotaka kieleweke ni hiki: hata vyombo vilivyofungwa kwenye dashibodi kwa idhini huharibika, lakini vimetengenezwa ili viseme vinapoharibika. Kishikwambi kinaweza kuganda kikiwa na picha ya dakika tano zilizopita, safi, yenye rangi zote, na kisikuambie lolote. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Fahamu chombo kilichoidhinishwa kimepitia nini

Kabla chombo cha kielektroniki hakijaruhusiwa kufungwa kwenye dashibodi, hupitishwa kwenye majaribio ya viwango vinavyojulikana kwa jina la DO-160. Kinachomwa joto, kinagandishwa, kinatikiswa, kinawekwa kwenye unyevu, vumbi na hewa nyepesi ya juu. Kinapewa umeme unaopanda na kushuka ghafla, kinajaribiwa dhidi ya athari za radi, na hata kuona kama kuvu itaota ndani yake. Programu yake nayo hupimwa kwa DO-178C, kiwango kinachotaka kila sharti la mfumo lifuatiliwe hadi kwenye msimbo na hadi kwenye jaribio lililolithibitisha. Kadiri madhara ya hitilafu yanavyokuwa makubwa ndivyo ukaguzi unavyozidi kuwa mkali. Kwa ndege kubwa za abiria, hitilafu inayoweza kuiangusha ndege inatakiwa iwe nadra kiasi cha chini ya mara moja kwa kila saa bilioni moja za kuruka.

Sasa soma karatasi ya kishikwambi. Apple wanaandika wazi kuwa iPad imekusudiwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na kwamba imejaribiwa hadi kimo cha mita 3,000. Mita 3,000 ni futi 10,000 kasoro kidogo. Wilson yenyewe iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukipanda futi 5,000 tu umeshavuka mpaka ambao mtengenezaji aliahidi. Haimaanishi kitazima hapo hapo, na wengi huruka navyo juu zaidi ya hapo bila shida. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo hakuna aliyekuahidi chochote.

Kuhusu kusema ukweli, tazama Garmin G1000, mfumo wa skrini za dashibodi ambao marubani wengi wa Caravan wanaufahamu. Kipimo kikikosa taarifa za kuaminika, nafasi yake hufunikwa kwa alama ya X nyekundu. Skrini ya mbele ya rubani ikifa, ile ya pili inaweza kubeba vyombo vyote muhimu. Na GPS iliyoidhinishwa kwa kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, haitoi nafasi tu, bali hulinganisha setilaiti moja na nyingine, ikihitaji angalau tano, ili igundue kama mojawapo inadanganya. Ikishindwa kujihakikishia, inakuonya. Kishikwambi hakina wajibu huo. Kinachora ndege kwenye ramani mahali kinapodhani ulipo.

Hatua ya 2: Chagua kifaa kwa swali la GPS kwanza

Watu hununua kishikwambi kwa kuangalia ukubwa wa kioo na bei. Anza na GPS. iPad za Wi-Fi pekee hazina GPS ndani yake, ila zile zenye nafasi ya laini ya simu ndizo zinazo, na hufanya kazi hata usipoweka laini. Vishikwambi vya Android hutofautiana, vingine vya Wi-Fi vina GPS na vingine havina. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: zima Wi-Fi, zima data, toka nje mahali penye anga wazi, fungua ramani uliyokwisha kuipakua, kisha tembea. Kisipokufuata, kinahitaji kipokezi cha GPS cha nje kinachoungwa kwa Bluetooth. Kipokezi hicho huwa chaguo zuri hata kwa wenye GPS ya ndani, kwa sababu unaweza kukiweka mahali penye kuona anga huku kishikwambi kikikaa kivulini.

Jaribu pia miwani yako ya jua. Baadhi ya miwani inayokata mng'ao hukifanya kioo kiwe cheusi kabisa ukikigeuza upande fulani, na hapo juu si mahali pa kuligundua hilo.

Hatua ya 3: Maandalizi yote yafanyike usiku wa kuamkia safari

Taarifa za urubani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28 unaoitwa AIRAC. Hakikisha mzunguko ulio kwenye kifaa ndio ulio halali siku utakayoruka, si siku uliyopakua. Kisha washa hali ya ndege na ufungue ramani moja baada ya nyingine: kiwanja unachotoka, unachokwenda, na cha akiba. Ramani uliyowahi kuiona ukiwa na intaneti si lazima iwe imehifadhiwa. Wengi wameligundua hilo wakiwa Seronera, ndani ya Serengeti, mtandao umekata, na kioo kinazungusha duara tu.

Usisasishe mfumo endeshi wa kifaa usiku wa kuamkia safari. Subiri mpaka watengenezaji wa programu yako ya ramani waseme toleo jipya linafanya kazi nayo. Kama una vifaa viwili, sasisha kimoja, kiruke nacho siku kadhaa, ndipo usasishe cha pili.

Kuna kisa cha tarehe 28 Aprili 2015 ambacho kila rubani anayebeba vishikwambi viwili na kujiona salama anapaswa kukijua. Programu ya ramani ya Jeppesen kwenye iPad za marubani wa American Airlines ilianza kufa ndege zikiwa bado ardhini, na makumi ya safari zikachelewa. Baadhi ya ndege zilirudi kwenye lango ili marubani wapate Wi-Fi. Chanzo kilikuwa ramani ya kiwanja cha Reagan National cha Washington iliyojirudia mara mbili kwenye hifadhidata. Dawa ilikuwa kuifuta programu na kuiweka upya. Kapteni alikuwa na iPad yake, rubani mwenza alikuwa na yake, na zote zilikuwa na programu ileile na taarifa zilezile, kwa hiyo zilianguka pamoja. Vifaa viwili vinavyofanana vinakulinda dhidi ya betri kufa na kioo kupasuka. Dhidi ya kosa la taarifa havikulindi hata kidogo.

Ndiyo maana karatasi bado ina nafasi yake. Chukua karatasi moja tu ya A4. Andika mwelekeo na umbali wa kila kipande cha safari, muda unaotarajia, masafa ya redio, kimo cha chini kilicho salama kwa kila kipande, mwinuko wa kiwanja, urefu wa njia ya kurukia, na kiwanja cha akiba. Ukanda wenye Kilimanjaro wa mita 5,895, Meru na safu ya Nyandarua hauhitaji rubani anayekisia kimo salama kwa sababu kioo kimezima.

Hatua ya 4: Kifunge mahali ambapo hakiwezi kugusa usukani

Tarehe 9 Februari 2014, ndege ya Voyager ya jeshi la anga la Uingereza ilikuwa ikitoka Brize Norton kwenda Camp Bastion, Afghanistan. Kapteni alikuwa ameweka kamera yake kati ya kiti na kijiti cha kuongozea ndege. Aliposogeza kiti mbele, kamera ikakisukuma kijiti, na ndege ikaporomoka futi 4,400 kwa sekunde 27. Ilikuwa kamera ya kawaida, na haikuwa na hitilafu yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, weka kishikwambi mahali pake na uzungushe usukani hadi mwisho wa pande zote: uvute wote, usukume wote, kushoto kabisa, kulia kabisa. Kama unakivaa pajani, fanya hivyo ukiwa umekaa na kufunga mkanda kama utakavyoruka. Kisizibe kioo cha mbele wala chombo chochote cha dashibodi. Kama unatumia kishikizi cha kunyonya kwenye kioo, kumbuka joto na mtetemo hukilegeza, kwa hiyo jiulize kitaangukia wapi kikilegea.

Kisha tazama dira ya sumaku. Majalada mengi ya vishikwambi yana sumaku, na spika za ndani pia zina sumaku. Kisogeze karibu na mbali huku ukiiangalia sindano. Ikicheza, hamisha kishikwambi au vua jalada. Chomeka pia chaja na usikilize redio, kwa maana chaja za bei rahisi za USB hutia mkwaruzo kwenye masafa ya VHF kiasi cha kumfunika mwongozaji ndege anayezungumza kutoka mbali.

Hatua ya 5: Pigana na joto kuanzia ardhini

Hapa ndipo vishikwambi vingi hufia kwetu. Nyuzi 35 ni joto la kawaida la kivulini Lodwar, na Manda au Dar es Salaam wakati wa kaskazi hakuko mbali nalo. Ndani ya ndege iliyofungwa na kuachwa juani, joto hupanda zaidi ya hapo kwa haraka, na juu ya dashibodi chini ya kioo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kifaa chenyewe huzalisha joto: kioo kikiwa na mwanga wa juu kabisa, GPS ikifanya kazi mfululizo, betri ikichajiwa. Hakina feni. Kinategemea hewa inayokigusa, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na haibebi joto kama ya chini. Kikizidiwa, hujilinda: kwanza hupunguza mwanga wa kioo na kuacha kuchaji, kisha huweka onyo la joto na kukataa kufanya kazi yoyote mpaka kipoe. Kwa mtengenezaji hilo ni jambo la busara, kwani linaokoa betri. Kwako uliye kwenye mzunguko wa kutua ni ramani iliyotoweka.

Usikiache ndani ya ndege inapokuwa imeegeshwa, shuka nacho. Kihifadhi kivulini mpaka muda wa kuondoka, ili kianze safari kikiwa baridi. Vua jalada nene la nyuma, hasa la ngozi au mpira. Punguza mwanga wa kioo kadiri unavyoweza kusoma. Chaji kabla ya safari, na angani chaji pale tu betri inapohitaji. Elekeza tundu la hewa mgongoni mwake. Safari ikiwa inaelekea mashariki asubuhi au magharibi jioni, jua litaingia mbele moja kwa moja, basi kishushe pajani au kiweke upande wenye kivuli. Kifaa cha pili kikae kimezimwa ndani ya mkoba, mbali na jua, kwa sababu viwili vikikaa juani pamoja vitazima pamoja.

Onyo likitokea, kizime na ukiweke penye upepo. Usikitie kwenye kisanduku cha barafu pamoja na maji ya abiria. Unyevu utafanya matone ndani yake na utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Hatua ya 6: Umeme

Anza na asilimia 100. Beba waya wa akiba, maana waya ndio hukatika kwanza. Pawabenki iwe chini ya saa-wati 100 na ikae unapoiona na kuifikia, kamwe isiwe kwenye shehena.

Hatua ya 7: Usiamini jibu kabla hujakagua namba ulizoingiza

Kishikwambi na kompyuta ndogo hukokotoa kwa usahihi mkubwa, na usahihi huo ndio unaotupumbaza, kwa sababu namba mbaya hutoka nayo ikiwa na sura ileile ya namba nzuri. Mwezi Machi 2009, marubani wa Emirates waliokuwa wakiondoka Melbourne kwenda Dubai kwa Airbus A340 waliingiza uzito wa tani 262.9 badala ya 362.9 kwenye kompyuta ya kukokotoa kasi za kuruka. Tarakimu moja tu. Ndege ilikosa nguvu ya kutosha, mkia ukagonga njia ya kurukia, na ikavuka mwisho wa njia kabla ya kupata kimo. Walifanikiwa kurudi salama. Mwaka 2004 huko Halifax, Kanada, wafanyakazi saba wa Boeing 747 ya mizigo ya MK Airlines hawakupata bahati hiyo. Wachunguzi walihitimisha kwamba yaelekea hesabu ilifanywa kwa uzito wa safari iliyotangulia, uliokuwa umebaki ndani ya kompyuta.

Kwenye ndege yenye marubani wawili, kila mmoja akokotoe peke yake kutoka kwenye karatasi ya uzito, kisha mlinganishe. Rubani mwenza asisomewe namba, azisome mwenyewe. Ukiwa peke yako, fungua kitabu cha ndege na uangalie jedwali lililo karibu na hali yako ya leo. Kama programu inasema utaondoka kwa mita 500 pale Arusha mchana na jedwali linasema 800, simamisha safari mpaka ujue kwa nini. Na kila asubuhi futa namba za jana kabla ya kuingiza za leo.

Hatua ya 8: Angani, linganisha kila mara

Weka utaratibu kwenye kila alama ya njiani: tazama dirishani, tazama vyombo vya dashibodi, kisha tazama kishikwambi, kwa mpangilio huo. Kutoka Nairobi kwenda Mombasa una reli, barabara kuu, Mtito Andei na Voi, na Kilimanjaro upande wa kulia ikiwa mawingu yameruhusu. Vitu hivyo haviishiwi chaji. Ukitazama kishikwambi kwanza, macho yatatafuta dirishani kile ulichokwisha kuamini.

Kujua kama kimeganda, angalia kasi ya ardhini inayoonyeshwa, yaani mwendo wa ndege ukilinganishwa na ardhi iliyo chini yake. Kwenye ndege halisi haitulii namba moja kwa dakika nzima, hata hewa iwe tulivu namna gani.

Suala la kimo linahitaji uangalifu wa pekee. Kishikwambi huonyesha kimo cha GPS, ilhali kipimo cha dashibodi hupima shinikizo la hewa. Hewa ikiwa na joto kuliko kiwango, kama ilivyo kwetu karibu mwaka mzima, kimo halisi huwa juu ya kile kinachosomwa kwenye kipimo, na tofauti inaweza kufika mamia ya futi. Rubani mgeni huona tofauti hiyo na kudhani kipimo cha ndege kimeharibika. Hakijaharibika. Waongozaji ndege huzitenganisha ndege zote zilizo karibu nawe kwa kipimo cha shinikizo, hivyo ukifuata kimo cha kishikwambi umejitoa kwenye mpangilio ambao wenzako wote wanautumia.

Upeo wa macho wa bandia (picha inayoonyesha kama ndege imelala upande au imeinua pua) unaoonyeshwa na baadhi ya programu usiutumie kuingia mawinguni kwa makusudi. Unafaa pale tu vyombo halisi vimekufa na huna kingine.

Hatua ya 9: Kikizima

Rusha ndege. Shika mwelekeo na kimo ulivyokuwa navyo, tazama saa, andika dakika. Chukua ile karatasi ya A4. Usijaribu kukiwasha upya ukiwa chini, ukiwa kwenye mzunguko wa kutua, au ukiwa peke yako bila mfumo wa kuiongoza ndege wenyewe (autopilot). Ukipotea, mwambie mwongozaji ndege mapema, mafuta yakiwa bado mengi.

Betri ikivimba, ikitoa moshi au kuwaka, tumia kizimamoto cha ndege kuua miali, kisha mwagia maji au kinywaji chochote kisicho na kilevi mpaka ipoe, maana seli za jirani zinaweza kuwaka tena baada ya moto kuonekana umekwisha. Usiifunike kwa barafu, kwa kuwa barafu hufungia joto ndani. Usiihamishe ikiwa ingali ya moto. Elekea kiwanja kilicho karibu zaidi.

Hatua ya 10: Idhini na daftari

Kama unabeba abiria kwa malipo, kishikwambi si jambo la hiari yako peke yako. Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka kampuni ihakikishe vifaa vya kubeba haviathiri mifumo ya ndege, ifanye tathmini ya hatari, iwe na taratibu na mafunzo, na marubani wabaki na taarifa za kutosha kifaa kikishindwa. Zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako (KCAA ya Kenya, TCAA ya Tanzania au UCAA ya Uganda) kabla hujaondoa karatasi kwenye ndege, kwa sababu watataka kuona hayo yote yameandikwa.

Na hata kama unaruka binafsi, weka daftari. Kila kishikwambi kinapozima, kinapoganda au kinapotoa onyo la joto, andika tarehe, kimo, joto la nje, kiasi cha chaji, toleo la mfumo na la programu, na mahali kilipokuwa kimewekwa. Kurasa chache zitakuonyesha kama tatizo ni jua la saa nane mchana, waya mbovu, au kifaa chenyewe. Kikizima mara mbili kwa sababu usiyoweza kuieleza, kitoe kwenye ndege na ukitumie nyumbani.